Si Tuoane Tu?

Aliniuliza akiwa anaosha vikombe. Hakupiga goti, hakuvaa shati la maana, hata hakugeuka kunitazama. Tulikuwa tunaongea kuhusu kodi ya nyumba. Landlodi wake alikuwa ametuma ujumbe kwenye grupu la WhatsApp la ploti kwamba kuanzia Januari kila mpangaji ataongeza elfu tatu, na wangu alikuwa amefanya hivyohivyo miezi miwili kabla. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikipiga hesabu kwa sauti: kodi mbili, intaneti mbili, tokeni za stima mara mbili, mitungi miwili ya gesi. Ndipo akasema, sauti yake ikishindana na maji ya mfereji, "Si tuoane tu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alipangusa mikono, akaegemea sinki, akaanza kunieleza kama mtu wa kuuza bima. Tunajuana miaka minane. Hatugombani. Wote wawili tumechoka na kutongozana kwenye simu na watu ambao wiki ya tatu wanapotea bila kwaheri. Tungehamia nyumba moja ya vyumba viwili. Tungechukua mkopo pamoja kwenye sako, tutafute kaploti kadogo huko Kitengela. Na wajomba zangu wangeacha kuniuliza kila Krismasi nangoja nini.

"Watu wanaoana kwa sababu mbaya zaidi," alisema.

Hapo hakukosea. Nikamwambia nitafikiria. Nikapanda matatu nikarudi kwangu, na badala ya kufikiria nikafanya kile ninachofanya kila ninapotaka kukwepa kufikiria: nikachukua riwaya ya mapenzi.

Lazima niungame hapa. Mimi ni mlevi wa riwaya za Regency. Nilianza zamani kabla ya Bridgerton kutoka Desemba 2020 na kila mtu kugeuka kuwa mtaalamu wa magauni. Nilianzia kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba kando ya barabara katikati ya Nairobi, pale unapoinama kuchagua huku watu wakikuruka. Majalada yamechanika, jina la mwenye kitabu wa kwanza bado liko ndani kwa kalamu ya wino. Marafiki zangu walikuwa wanasoma mambo mazito. Mimi nilikuwa nataka kujua kama Lord fulani atagundua kwamba mke wake anachekesha.

Kwa wasiojua, Regency ni jina la kipindi cha kuanzia 1811 hadi 1820. Mfalme George wa Tatu wa Uingereza aliugua kiasi cha kutoweza kutawala, mwanawe akatawala kwa niaba yake. Miaka tisa tu. Ndani ya miaka hiyo tisa waandishi wa mapenzi wameozesha watu wengi kuliko makanisa yote ya London. Aliyefungua njia ni Georgette Heyer, Mwingereza aliyezaliwa 1902 na kufariki 1974, na katika ghala lake la vituko kuna kimoja nisichokichoka: ndoa ya manufaa.

Kanuni yake ni rahisi. Mwanamume ana jina kubwa na madeni makubwa zaidi. Mwanamke ana pesa, hana jina. Au kuna wosia wa babu unaosema kijana asipooa kabla ya siku fulani atakosa urithi. Wanaoana mapema kwenye kitabu, wakiwa wameafikiana kwa adabu kubwa kwamba mambo ya moyo hayatahusika. Kurasa zote zinazobaki ni za kuwatazama wakishindwa kutimiza hayo. Wanaombana samahani kwa kugusana viwiko. Wanaitana kwa vyeo kwenye meza ya chai. Anaumwa mmoja, mwingine anakesha, halafu asubuhi anasingizia kwamba alikuwa anatafuta kitabu. Unacheka kwa sababu unaona wanachokataa kukiona.

Hadithi nyingi za mapenzi huishia kanisani. Hizi huanzia huko. Kwa hiyo swali linabadilika. Huulizi tena kama wataoana. Unauliza kama watu wawili waliofunga biashara wanaweza kuwa kitu kingine, na kama ile biashara ya mwanzo ilikuwa makosa. Hilo ndilo swali nililolala nalo usiku ule. Je, ni vibaya kuoana na mtu kwa sababu anakufaa?

Tusiwahukumu watu wa kale bila kujua walikuwa wanachagua kati ya nini na nini. Kwetu huku, pesa za harusi zinatoka kwa mwanamume kwenda kwa wazazi wa msichana. Kwa makabaila wa Uingereza mahari ilitembea upande mwingine: msichana alikwenda kwa mume na fungu kutoka kwa baba yake, na ukubwa wa fungu hilo ulijulikana mjini kama tunavyojua leo nani ana gari gani. Akishaolewa, sheria ilimmeza. Pesa zake zikawa za mume, isipokuwa baba yake awe na mawakili wa kuandika mkataba wa kumlinda. Sheria iliyompa mwanamke aliyeolewa haki kamili ya mali yake ilikuja 1882. Talaka ya kukuwezesha kuoa au kuolewa tena, kabla ya 1857, ilihitaji sheria maalumu ya Bunge. Hebu fikiria: Bunge zima linakaa kujadili ndoa yako.

Na msichana wa familia ya heshima asiye na fungu? Hakuwa na kazi ya kufanya ila kulea na kufundisha watoto wa wengine. Ndiyo maana Charlotte Lucas, katika Pride and Prejudice ya Jane Austen ya mwaka 1813, anamkubali Mr. Collins. Collins ni mchungaji anayejipendekeza kwa matajiri na anayeongea kama barua rasmi. Siku tatu hazijaisha tangu amwombe ndoa rafiki yake Charlotte. Charlotte ana miaka 27, hana pesa, hana uzuri wa kusifiwa, na anajua anachofanya. Baadaye tunamwona nyumbani kwake: anamhimiza mumewe atumie muda mwingi bustanini, na yeye mwenyewe amechagua kukaa kwenye chumba cha nyuma, ambacho mume hana hamu ya kukiingia. Nilipokuwa na miaka 19 nilimcheka. Siku hizi chumba hicho naona ni mpango wa akili.

Lakini ngoja. Jioni ya tarehe 2 Desemba 1802, Jane Austen mwenyewe aliombwa ndoa na Harris Bigg-Wither, kaka wa marafiki zake, mrithi wa nyumba kubwa inayoitwa Manydown. Harris alikuwa na miaka 21. Jane alikuwa amebakiza wiki mbili kufikisha 27, umri uleule atakaompa Charlotte. Alikubali. Ilikuwa ndoa ya kumfaa yeye, kuwafaa wazazi wake waliokuwa wanazeeka, na kumfaa dada yake. Usiku ukapita. Asubuhi akamwambia Harris kwamba hawezi, akaondoka na dada yake kwa gari la farasi.

Watu hupenda kuishia hapo na kupiga makofi. Mimi huendelea. Miaka mitatu haikuisha, baba yake akafariki, na Jane na mama yake na dada yake wakawa watu wa kuhamahama na kutegemea ndugu hadi 1809, kaka yake Edward alipowapa nyumba ndogo kule Chawton. Hati ya Pride and Prejudice aliiuza kwa pauni 110. Asubuhi ile ya Manydown ilikuwa na gharama na aliilipa. Halafu akakaa akamwandika Charlotte, mwanamke aliyefanya kile ambacho yeye alikataa, na hakumdharau. Rafiki yake ndiye anayemshangaa. Mwandishi anamwacha Charlotte atoe sababu zake mwenyewe.

Niliposoma hayo usiku ule nilijiambia: basi, ni kitu cha kawaida. Wenye akili wanakubali, wenye bahati wanakataa. Nikamtumia ujumbe mama yangu.

Mama hapendi kuandika. Akapiga simu.

"Mama, ulipoolewa ulikuwa unampenda baba?"

"Baba yako alikuwa na kazi ya posta na hakuwa mlevi."

"Hilo si jibu."

"Mwaka 1991 lilikuwa jibu, msichana wangu." Akanyamaza kidogo. "Kwani nani amekuomba?"

Nikasema hakuna mtu. Nikadanganya haraka kiasi kwamba nilijishangaa. Kama ulikuwa mpango wa kodi tu, mbona nimwogope mama yangu?

Tuache hilo kwanza, twende kwa mwanamume ambaye enzi hii imepewa jina kwa ajili ya cheo chake. Mwaka 1785, huko Königsberg, mwalimu mmoja aitwaye Immanuel Kant, ambaye hakuwahi kuoa, alitoa kitabu kinachosema kwamba usimtumie binadamu mwenzako kama chombo tu. Watu wengi wakikumbuka sentensi hiyo huacha neno la mwisho. Kant hakusema usimtumie mtu. Sote tunatumiana: mimi namtumia dereva wa matatu, yeye anatumia nauli yangu. Alisema usimtumie kama chombo *tu*, kana kwamba yeye hana safari yake mwenyewe. Maadili yote yako kwenye hiyo silabi moja.

Mwaka huohuo wa 1785, kule London, mwana wa mfalme alimwoa kwa siri mjane aitwaye Maria Fitzherbert. Kisheria ndoa hiyo ilikuwa batili, kwa sababu baba yake hakuitoa ruhusa. Miaka kumi baadaye alikuwa na madeni ya zaidi ya pauni 600,000, na njia ya kuyalipa ilikuwa moja: aoe mtu anayekubalika, Bunge limwongezee fungu. Akaletewa binamu yake Caroline kutoka Brunswick. Mwanamke aliyetumwa kumlaki bibi harusi bandarini alikuwa kimada wa bwana harusi. Inasimuliwa kwamba mwanamfalme alipomwona Caroline kwa mara ya kwanza aliomba apewe glasi ya brandi. Siku tatu baadaye, Aprili 1795, wakafunga ndoa, bwana harusi akiwa amelewa. Januari iliyofuata walipata mtoto mmoja, na baada ya hapo hawakuishi pamoja tena. Mwaka 1820, akiwa sasa mfalme, alijaribu kulitumia Bunge kuivunja ndoa hiyo, akashindwa. Julai 1821 siku ya kutawazwa kwake, Caroline alifika kwenye mlango wa Westminster Abbey na akafungiwa nje. Chini ya wiki tatu baadaye alifariki.

Hiyo pia ilikuwa ndoa ya manufaa. Tofauti na ya Charlotte ni nini? Mapenzi hayakuwepo kote kuwili. Tofauti ni kwamba Caroline alikuwa chombo *tu*. Alitakiwa kwa ajili ya deni. Alipokwisha kulipa deni, kazi yake ilikuwa imekwisha. Charlotte na Collins, pamoja na ujinga wote wa Collins, kila mmoja alijua anatoa nini na anapokea nini.

Kiswahili kina neno zuri kwa ajili ya hili. Tunasema undugu ni kufaana, si kufanana. Siyo kufaa: ni *kufaana*. Mtu akikufaa wewe peke yako, umepata chombo. Mkifaana, kuna njia mbili, yako na yake, na zote zinapitika. Nikafikia hitimisho langu karibu saa saba usiku, nikafurahi sana: ndoa ya manufaa si dhambi ilimradi ni ya kufaana, na kufaana kunahitaji kila mmoja ajue masharti. Mimi na rafiki yangu tunajua masharti. Kodi, sako, wajomba. Hakuna aliyedanganywa. Kesho nitamwambia ndiyo.

Kisha nikafungua kitabu ambacho nilikuwa nimekisoma mara mbili tayari, nikalale nacho.

Kinaitwa A Civil Contract, cha Heyer, kilitoka 1961. Jina lenyewe ni mchezo: ni mkataba wa kisheria, na pia ni mkataba wa watu wenye adabu. Ni mwaka 1814. Kapteni Adam Deveril anarudi kutoka vita dhidi ya Napoleon akiwa na mguu mbovu na kukuta baba yake amefariki akaacha madeni tele. Shamba la ukoo, Fontley, litauzwa. Anampenda Julia, msichana mrembo kupindukia, na hawezi tena kumwoa. Ndipo anapoletewa pendekezo: mfanyabiashara tajiri wa London, Mr. Chawleigh, yuko tayari kulipa kila kitu kama Adam atamwoa binti yake Jenny. Jenny ni mfupi, mnene kidogo, mwenye haya, asiye na maneno ya kupendeza. Alisoma shule moja na Julia. Adam amewahi kukaa naye chumba kimoja zaidi ya mara moja na hakumbuki sura yake.

Ni kitabu cha kuchekesha sana, na kicheko kingi kinatoka kwa baba mkwe. Chawleigh anampenda binti yake na hajui lugha nyingine ya mapenzi ila vitu. Anawajazia nyumba. Adam akigeuka kidogo, anakuta amejengewa bafu jipya lenye beseni la umbo la kombe la bahari. Kila zawadi inamkumbusha kwamba amenunuliwa, na hawezi kukasirika, kwa sababu mzee ana nia njema na kwa sababu ni kweli amenunuliwa.

Lakini aliye moyoni mwa kitabu ni Jenny. Anaingia kwenye ndoa akijua kwamba mumewe anampenda mwingine. Hamgusi kwa maswali, hamwonei wivu hadharani. Anajifunza chakula anachokipenda, anajua ni lini mguu unamuuma, anaijenga Fontley upya kimyakimya. Na kile ambacho Adam hajui, nasi tunakijua, ni kwamba alimpenda tangu zamani, tangu siku zile ambazo yeye hakumwona.

Mara mbili za kwanza nilimwona Jenny kama mtakatifu. Anapenda bila kudai. Anaficha ili mume asibebe mzigo wa hatia juu ya mizigo mingine. Wenzetu wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, naye alikohoa kwa miezi kwa njia ya supu na moto wa mekoni na shuka zilizoanikwa vizuri, na mwanamume akadhani ni utunzaji mzuri wa nyumba.

Mara hii ya tatu, saa nane usiku, nilimkasirikia.

Kwa sababu nilikuwa nimetoka kuandika kanuni yangu kichwani: kila mmoja ajue masharti. Jenny alijua masharti ya Adam yote. Adam alijua nusu ya masharti ya Jenny. Alidhani anaoa mwanamke anayetaka cheo, au anayemtii baba yake, na kwamba wote wawili wanatoa kiasi kilekile cha ubaridi. Na Adam ni mtu mwema. Kama angejua kwamba msichana huyu anampenda kweli, angeona aibu kuchukua pesa na moyo wa mtu huku yeye akileta jina tu. Pengine asingetia sahihi. Jenny ana akili za kutosha kulijua hilo. Kwa hiyo kimya chake kilimlinda Adam, ndiyo. Lakini pia kilimpatia Adam.

Hapa ndipo kanuni yangu ilianza kuvuja. Tunapozungumza kuhusu ndoa za manufaa tunaogopa mtu anayeficha kwamba hapendi: tapeli, mtafuta pesa, mtafuta makaratasi. Heyer ananionyesha mtu anayeficha kwamba anapenda, na ananiuliza kama huyo naye si mwongo. Yule mwingine anadhani mnagawana hasara nusu kwa nusu. Hajui kwamba wewe unalipa kwa sarafu nyingine, na kwamba kila akikuaga asubuhi kwa adabu anakutoa pesa ambazo hajui unazo. Unamfanya mtu awe mkatili bila ridhaa yake.

Najua jibu la watetezi wa Jenny, na nalichukulia kwa uzito. Watasema: ilikuwa 1814. Mwanamke hakuruhusiwa kusema. Angesema, angekosa vyote na kuaibika mbele ya mji. Ni kweli. Pia watasema mambo yaliishia vizuri, na hilo ni kweli kiasi. Vita vya Waterloo vinakuja, Juni 1815. Uvumi unaenea London kwamba Wellington ameshindwa, hisa zinaporomoka, na Adam, anayemjua Wellington kwa macho yake, ananunua wakati wote wanauza. Anapata pesa zake mwenyewe. Sasa hamhitaji tena Chawleigh. Amebaki na mke na mtoto wa kiume, na kwa mara ya kwanza anaweza kumtazama Jenny bila kuona risiti. Anagundua kwamba nyumba anayoipenda ni nyumba aliyoitengeneza Jenny.

Lakini Heyer hamdanganyi Jenny, wala hatudanganyi sisi. Hampi ule moto ambao Julia alipewa. Jenny anapata mapenzi ya mkate na moto wa jikoni, anajua ndiyo atakayoyapata, na anaamua kwamba yanatosha, pengine hata yanadumu zaidi. Kuna wasomaji wanaofunga kitabu wakitabasamu. Mimi nilikifunga nikiwa na donge kooni. Jenny alikuwa ametulia. Donge lilikuwa langu.

Nina ufunguo wa akiba wa nyumba ya mtu fulani tangu 2021. Najua chai yake haina sukari ila akiwa mgonjwa. Najua sauti anayoitumia akiongea na bosi na sauti anayoitumia akiongea na dada yake mdogo. Alipopata mchumba mwaka juzi nilimsifia yule dada kwa moyo mkunjufu kiasi kwamba nilipatwa na kipandauso siku mbili. Walipoachana nilinunua kuku mzima. Manze, mimi nimekuwa nikikohoa miaka mitano.

Na ndiyo maana nilicheka aliposema "si tuoane tu". Ndiyo maana nilimdanganya mama. Ndiyo maana nilitumia usiku mzima na Austen na Kant na wafalme, nikijenga hoja kwamba kukubali ni halali, wakati sikuwa na shaka yoyote ya kukubali. Nilichokuwa nakitafuta ni ruhusa ya kukubali bila kusema.

Hapo Charlotte Lucas hawezi kunisaidia. Charlotte alikuwa na sababu: sheria, umri, njaa ya kesho. Mimi ninalipa kodi yangu mwenyewe, hata ikiongezwa elfu tatu. Nina kazi, nina jina langu kwenye akaunti yangu. Hakuna Bunge litakalokaa kujadili maisha yangu. Kilichokuwa sababu mwaka 1813, kwangu ni kisingizio. Wala Jenny hawezi kunisaidia, kwa sababu kimya chake kililazimishwa na dunia yake, na changu ningekichagua.

Basi nikarudi kwenye kanuni yangu na kuirekebisha. Bado naamini si vibaya kuoana kwa manufaa. Wapo wanaoishi vizuri hivyo, na mama yangu ni mmoja wao, ingawa hatakubali kuulizwa zaidi. Mapenzi nayo si kinga: katika kitabu kilekile cha Austen, Lydia anatoroka na Wickham kwa mapenzi tele, na Wickham analazimika kulipwa ndipo amwoe. Lakini masharti ya kujulishana si ya pesa na vyumba peke yake. Kile unachokitumaini pia ni sharti. Ukimficha mwenzako tumaini lako, umemfanya aahidi kitu ambacho hakukielewa.

Jumamosi nilikwenda kwake. Nilimkuta anapika. Nilisimama mlangoni, sikuvua hata viatu, kwa sababu nilijua nikikaa kwenye kile kiti cha plastiki nitaanza kuhesabu mitungi ya gesi.

"Jibu ni hapana," nilisema. "Sio kwamba sitaki. Nataka sana. Nimetaka kwa muda mrefu, na wewe unataka kupunguza kodi. Hatuwezi kutia sahihi karatasi moja."

Alizima jiko. Alikaa kimya muda ambao ugali ungeweza kuungua kama angeacha moto.

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu ungekataa."

"Kukuoa?"

"Kunioa hivyo."

Alifikiria. Nampenda kwa sababu hiyo, ukimuuliza kitu anafikiria. "Ndiyo," alisema. "Hivyo ningekataa." Kisha, "Sasa sijui niseme nini."

"Usiseme kitu. Nipakulie."

Hiyo ilikuwa Novemba. Januari ilipofika alilipa elfu tatu zake za ziada na mimi nikaendelea kulipa zangu. Mkopo wa sako hatukuchukua. Wajomba waliuliza, kama kawaida yao. Kwa wiki kadhaa tuliongea kwa uangalifu mwingi, tukiombana samahani hata kwa kugusana viwiko, na siku moja nilicheka peke yangu kwa sababu niliijua hiyo riwaya.

Hajanipa jibu, na mimi sijamwomba. Swali lake nililikataa, langu bado liko mezani. Siku zingine naumia. Lakini juzi tulikuwa tumekaa, kila mtu na simu yake, nikainua macho nikakuta ananitazama. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna, anaangalia tu.